Msuluhishi wa besiboli haruhusiwi kukata katikati: inafanyikaje?

Shofere wa Kasumbalesa

Jambo wandugu wote. Mimi ni shofere wa kamyo hapa Lubumbashi, tunabeba shaba hadi mpaka wa Kasumbalesa. Tuko mashofere 34, na wenzangu walinichagua niwe mjumbe wao kwa mambo ya mshahara. Swali langu ni la besiboli, mchezo ambao sijauona hata siku moja uwanjani, lakini someni hadi mwisho mtaelewa kwa nini nauliza.

Mwaka juzi tuliomba dola 500 kwa mwezi. Patroni akasema 380. Tukaenda kumwita mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Alitusikiliza asubuhi nzima chini ya mwembe, akanywa maji, akasema: chukueni 440, mwende kwa amani. Tulishukuru, na patroni alilipa.

Mwaka uliofuata kila mtu alikuwa amejifunza. Wenzangu waliniambia: mzee hukata katikati, basi taja 900. Nikaandika 900. Patroni naye akaja na 400, yaani chini ya tuliyokuwa tunapokea. Mzee alisoma karatasi zote mbili, akazikunja, akamrudishia kila mtu yake. Alisema hapa hakuna katikati. Tangu siku hiyo ni miezi 11, nyongeza hakuna, na patroni hataki hata kukaa nasi.

Sasa juzi, kwenye foleni ya mpaka, mwenzangu alinionyesha kwenye simu habari ya mchezaji anaitwa Vladimir Guerrero Jr., wa timu ya Toronto. Mwaka 2024 aliomba dola milioni 19.9, timu ikasema milioni 18.05, wakaenda kwa wasuluhishi, na wasuluhishi wakampa 19.9 yote. Sikuelewa. Kwa nini hawakusema 19, watu wakaenda kula? Nani anaruhusiwa kwenda pale? Wanatazama nini? Na ukishindwa, unaweza kukataa?

Tafadhali msinijibu kwamba wale ni matajiri. Nalijua hilo. Mimi nataka njia yao.

Karani Mstaafu

Mwanangu shofere, hapa umefika penyewe. Nilikuwa karani wa mishahara miaka 28, na kijana wangu wa pili anaishi Milwaukee, anafanya kazi kwenye ghala la nyama baridi. Yeye ndiye aliyenitia ugonjwa wa besiboli. Mechi ya huko ikianza jioni, kwetu ni saa saba na dakika arobaini usiku, na mama watoto amechoka kuniuliza nangoja nini na simu gizani. Mchezo wenyewe nilichelewa kuuelewa. Habari za mishahara yao nilizielewa siku ya kwanza.

Jibu la swali lako kubwa ni hili: wasuluhishi hawakusema 19 kwa sababu hawaruhusiwi. Katikati ya Januari mchezaji anaandika tarakimu yake, timu inaandika yake, zinabadilishwa siku moja. Wasipopatana, Februari wanaingia chumbani mbele ya wasuluhishi watatu, na hao watatu lazima wachague tarakimu moja kati ya zile mbili, bila kuongeza senti wala kupunguza. Kwa Guerrero, katikati ya 19.9 na 18.05 ni milioni 18.975. Basi kazi yao ilikuwa kujibu swali moja tu: huyu kijana thamani yake iko juu ya 18.975 au chini? Wakaona juu. Akachukua yake nzima.

Sasa weka 900 yako na 400 ya patroni kwenye sheria hiyo. Tuseme mzee wenu, moyoni mwake, aliona haki ni 520. Katikati ya 900 na 400 ni 650. 520 iko chini ya 650, basi patroni anashinda na mnapewa 400. Mmepoteza kila kitu kwa sababu ya tamaa ya ile 900. Lakini kama mngeandika 600? Katikati ni 500, na 520 iko juu yake. Mnapewa 600 kamili, na patroni ndiye anayelia kwa kuweka 400.

Patroni si mjinga, hesabu hiyo ataiona. Mwaka mwingine ataandika 470, maana 470 dhidi ya 600 yenu katikati yake ni 535, na hapo ni yeye anayeshinda. Nanyi mtashuka kidogo kwa kuogopa. Unaona zinavyokwenda? Mzee anayekata katikati anawafukuza mbali, kila mtu upande wake. Mzee asiyeweza kukata anawavuta mkaribiane. Mkishabaki na tofauti ya dola 60 au 70, mtu anasema jamani, tupeane mkono, tusimsumbue mzee. Na ndivyo inavyokuwa kule, wengi hawafiki chumbani. Majira yale yale ya Guerrero, mchezaji mwingine, Juan Soto, alipatana na Yankees, timu ya New York, kwa milioni 31 kabla ya kikao chochote.

Nani anaruhusiwa? Mchezaji aliyetimiza miaka mitatu ya kazi kwenye Ligi Kuu yao ya besiboli na hajafika sita. Kuna na kundi dogo la waliopita miaka miwili, asilimia 22 ya wale wenye siku nyingi zaidi kati yao, nao wanaingia mapema. Kabla ya hapo timu inakulipa inavyotaka, mradi isiende chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Ukishindwa huwezi kukataa. Hakuna rufaa, hakuna maelezo, wasuluhishi hawasemi kwa nini. Lakini ni mshahara wa mwaka mmoja, mwaka ujao unarudi kujieleza upya.

Utaratibu huu waliupata kwenye mapatano ya mwaka 1973 kati ya wenye timu na chama cha wachezaji, vikao vya kwanza vikawa 1974. Wa kwanza kabisa kuingia alikuwa Dick Woodson, mrushaji wa Minnesota, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira. Aliomba dola 29,000, timu ikataja 23,000. Alishinda. Kabla mwaka haujafika katikati timu ilikuwa imeshamhamishia Yankees.

Nimekuwekea hilo la mwisho kwa makusudi, maana kuna jambo ambalo mwenzako hakukuonyesha kwenye simu. Mle chumbani kila upande una saa moja ya kusema, kisha nusu saa ya kujibu. Na mchezaji yumo, ameketi. Saa nzima anasikiliza timu yake mwenyewe, watu wanaompigia makofi uwanjani, wakieleza upungufu wake.

Corbin Burnes alikuwa mrushaji wa Milwaukee, kwa hiyo nyumbani kwangu habari yake ni kama ya jirani. Mwaka 2021 alipata tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake. Mwaka 2022 aliwatoa wapigaji 243 kwa kuwakosesha mpira, hakuna aliyemfikia katika ligi yake. Lakini timu ilikosa kuingia mchujo, zile mechi za mwisho za kutafuta bingwa, kwa mechi moja tu. Februari 2023 wakaingia chumbani: yeye milioni 10.75, timu 10.01. Tofauti dola 740,000, ambayo kwa timu ile si pesa ya kugombania. Timu ikashinda. Burnes alitoka akawaambia waandishi wazi kwamba uhusiano umeumia, kwamba walimweka yeye mbele kuwa sababu ya kukosa mchujo. Kijana wangu alinitumia sauti usiku ule, alikuwa na hasira kama aliyetukanwa ni yeye. Mwaka mmoja baadaye, mwanzo wa Februari 2024, Burnes alipelekwa Baltimore.

Kwa hiyo ukitaka njia yao, mwanangu, chukua sheria ya tarakimu mbili. Lakini jiulize kwanza kama uko tayari kuketi mbele ya wenzako 33 huku patroni akisoma kwa sauti siku ulizochelewa, tairi ulizopasua, na ile kamyo iliyolala porini.

Mwana wa Kamalondo

Papa Karani, shikamoo. Mimi nimekulia karibu na uwanja wa Mazembe, najua mpira wa miguu tu. Kwetu mchezaji mkataba ukiisha anaondoka, anasema kwaheri, anatafuta timu nyingine. Huyu Burnes kwa nini alikubali kuketi pale kutukanwa? Si angeondoka?

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hakuweza kuondoka. Hilo ndilo linaloshangaza mtu wa mpira wa miguu. Kule mkataba ukiisha na bado hujatimiza miaka sita, wewe ni wa timu ile ile. Hakuna timu nyingine inayoruhusiwa kukupigia simu, labda timu yako ikuache yenyewe. Usuluhishi wa mshahara ni kama dirisha dogo katika nyumba hiyo iliyofungwa.

Na zamani hata dirisha halikuwepo. Mkataba wa kila mchezaji ulikuwa na kifungu kilichoipa timu haki ya kumbakiza mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1969 St. Louis walimhamisha Curt Flood kwenda Philadelphia, akakataa, akasema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972, na maisha yake ya mchezo yakawa yameisha. Mlango ulifunguliwa Desemba 1975, msuluhishi mmoja, Peter Seitz, alipoamua kwamba warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru. Wenye timu walimfukuza Seitz, lakini uamuzi ulibaki. Mwaka uliofuata wakapatana: baada ya miaka sita, mchezaji ni huru.

Sasa ngoja niseme juu ya hiyo "miaka", maana hapa ukarani wangu unaniuma.

Mwaka mmoja wa kazi kwenye besiboli ni siku 172. Majira yenyewe ni marefu zaidi ya hizo. Mwaka 2015 timu ya Chicago Cubs ilikuwa na kijana anaitwa Kris Bryant, na kila mtu aliona ameiva. Walimwacha nje siku 12 za mwanzo, wakamwita tarehe 17 Aprili. Mwisho wa mwaka alihesabiwa siku 171. Siku moja ilipungua, na kwa siku hiyo moja timu ikabaki naye mwaka mzima zaidi kabla hajawa huru. Mwaka huo huo alitajwa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na 2016 akawa mchezaji bora kabisa. Chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko yake kwa msuluhishi, na mwanzoni mwa 2020 yakakataliwa.

Niliposoma 171 niliweka simu chini. Nilikuwa na daftari la pwentaji, kubwa, mistari ya bluu, na kalamu nyekundu. Kila mtu aliyefika kazini nilimtia nukta. Katika kampuni ile, sitaitaja, mtu akifikisha nukta 90 aliandikwa kazi ya kudumu, mkewe na watoto wakapata dawa. Kulikuwa na mchomeleaji, kijana mpole, mkono wake safi, hakukosa hata siku moja. Jioni ya nukta ya 89 niliitwa ofisini nikaambiwa niandike kwamba kuanzia kesho hana kazi. Niliandika. Baada ya wiki mbili alirudishwa, na mimi nikaanza kumhesabia tena kutoka nukta ya kwanza. Alisimama mbele ya meza yangu akaangalia ukurasa mpya, hakusema neno. Bado naiona ile kalamu.

Basi mwanangu shofere, kabla ya kujadili tarakimu, uliza nani anashika daftari la siku zenu.

Wakili wa Kampemba

Papa Karani, asante, umenigusa. Naomba niongeze upande wa sheria, na mahali pamoja sikubaliani na wanaotaka kuiga kila kitu.

Kaka shofere, njia ya besiboli haikutungwa na serikali yao. Ni mapatano kati ya pande mbili, yaliyotiwa sahihi kabla ya ugomvi. Kwetu Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mgogoro wa pamoja uanzie kwa mkaguzi wa kazi, ajaribu kupatanisha, na ikishindikana uende kwenye tume ya upatanishi. Mkitaka mtu wa kuchagua tarakimu moja kati ya mbili, patroni lazima akubali kwa maandishi mapema, na karatasi iseme nani atachagua, siku gani, na kwamba pande zote zitatii. Mzee wa chini ya mwembe anafaa kabisa, ila apewe karatasi hiyo mkononi.

Kuhusu wanachotazama wasuluhishi wa besiboli: wana orodha. Kazi uliyofanya mwaka uliopita, urefu na uthabiti wa kazi yako yote, mshahara wako wa nyuma, majeraha, timu ilifanyaje na mashabiki wangapi walikuja. Na zaidi ya yote, wenzako wenye miaka ya kazi sawa na yako wanalipwa ngapi. Yaliyokatazwa nayo yameandikwa: huwezi kutaja utajiri wa mwenye timu wala shida zako za nyumbani, huwezi kuleta magazeti, wala kusema "juzi walinitajia kiasi fulani kwenye mazungumzo".

Hiyo ya utajiri ndiyo nisiyoikubali kwetu. Kule wameweza kuifunga kwa sababu mishahara ya wachezaji wote inajulikana, msuluhishi ana kitu cha kulinganisha. Hapa kila patroni anaficha. Ukiondoa uwezo wa kampuni na huna mishahara ya wengine, mzee atalinganisha na nini? Atapapasa gizani, na anayepapasa gizani hurudi kukata katikati. Kaka, mashofere wa kampuni nyingine za njia ile ile wanapata ngapi? Unajua kwa karatasi, si kwa maneno ya foleni?

Shofere wa Kasumbalesa

Papa Karani, Mama Wakili, nimesoma mara tatu. Nimesomea na wenzangu wanne kwa sauti ndani ya kamyo, maana tuko tena kwenye foleni, leo siku ya pili.

Ile hesabu ya 900 imewaingia. Yule aliyenisukuma zaidi kutaja 900 amenyamaza, kisha akasema, basi ni sisi tuliompa patroni ushindi. Sikumjibu, mkono ulioandika ni wangu.

Papa, swali la kuketi nikisomewa makosa yangu nimelifikiria. Kamyo iliyolala porini ni kweli, ilikuwa Februari, breki zilishika moto nikailaza kando ya barabara siku nne nikiilinda bila kulala. Patroni akiisoma, nami nitasema hakuna gunia hata moja lililopotea. Niko tayari. Daftari la siku linashikwa na mtoto wa shemeji yake. Kuanzia leo kila shofere anaandika safari zake mwenyewe, tarehe ya kutoka na ya kurudi, na mwenzake anatia sahihi.

Mama Wakili, jibu la swali lako ni hapana, nilikuwa na maneno ya foleni tu. Jana jioni nilianza kupita kamyo kwa kamyo na daftari la shule la binti yangu. Nawaambia sitaandika jina la mtu, nataka kuona fishi ya malipo tu, kampuni naandika kwa alama. Wengine wananiona mpelelezi. Mmoja alifunga kioo. Lakini hadi sasa nimeona fishi 7 kwa macho yangu: ya chini 410, ya juu 610, na nne ziko kati ya 500 na 550.

Nilikuwa nimeanza kuandika barua ya patroni, mstari wa kwanza ukiwa juu ya nyumba ya ghorofa aliyojenga. Siufuti, lakini naushusha chini kabisa. Juu nitaweka hizo fishi. Tarakimu bado sijaiweka. Nangoja nifike fishi 20, kisha tukae wote 34 tukubaliane moja. Foleni inasogea, naenda kuwasha.